Karatasi mbili za kwenda nazo kliniki: ukoo na mwaka wa mgonjwa wa skizofrenia

Posa ikiletwa, iwe Rungwe au Kilolo, wazee huulizia chinichini: kule kuna kichaa? Kuna kifafa? Swali lina msingi, ila hofu inayofuata huwa kubwa kuliko ukweli. Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao wengi huuita kichaa, inarithiwa kwa sehemu tu. Anachorithi mtu ni wepesi wa kuugua, na mara nyingi misukosuko ya maisha ndiyo inayouamsha wepesi huo. Shamba la mteremko mkali likipata mvua ya kawaida laweza kuporomoka, na la mteremko mdogo nalo huporomoka mvua ikizidi.

Mteremko huwezi kuubadilisha. Kwa hiyo andikeni karatasi mbili, moja ya ukoo na moja ya mwaka, ili muone mvua, yaani hiyo misukosuko, ilitoka wapi.

Karatasi ya ukoo

Mwiteni bibi au shangazi anayeujua ukoo. Mgonjwa mchoreni katikati, wanaume kwa mraba, wanawake kwa duara, vizazi vitatu. Familia nyingi hukosea kwenye "baba mdogo" na "kaka". Binamu wa baba naye ni baba mdogo, na mtoto wa baba mdogo ni kaka, lakini kwa damu wako mbali zaidi. Kwa kila jina ulizeni: ni tumbo moja? Baba ni mmoja?

Msiulize "nani alikuwa kichaa", maana watu watanyamaza. Ulizeni nani aliacha shule ghafla akajifungia ndani, nani alizurura, nani alipelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, nani alisemekana karogwa. Kila mmoja muandikieni umri alipoanza, hali ilidumu muda gani, kama alikuwa mlevi, kama alianguka kifafa. Wanaume wengi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka 25 hivi, wanawake huchelewa kidogo. Aliyeanza kuchanganyikiwa akiwa na miaka 70 huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, na anayeanguka degedege mahali nguruwe wanazurura achunguzwe minyoo ya tegu kwenye ubongo.

Sasa hesabu. Kwa watu wote, anayeugua maishani ni kama 1 kati ya 100. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, mtoto ana nafasi kama 10 kati ya 100. Wazazi wote wawili, kama 40. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, mwenye vinasaba (chembe za urithi) vilevile, huugua karibu nusu tu ya nyakati. Kama urithi ungekuwa ndiyo kila kitu, wote wangeugua. Hakuna kinasaba kimoja cha skizofrenia: utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulionyesha sehemu 287 za vinasaba, kila moja ikichangia kidogo sana. Ndiyo maana hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mchumba wa mtu "ataugua" au "hataugua", na anayewauzia kipimo hicho anawala hela.

Pembeni andikeni ya utotoni: uchungu uliokaa muda mrefu, mtoto aliyechelewa kulia, njaa kali wakati wa mimba, kupigwa sana au kudhalilishwa. Haya nayo huongeza wepesi. Yaandikwe bila kumnyooshea mama kidole.

Karatasi ya mwaka

Pigeni mstari wa miezi 12. Mwisho wake si siku aliyopiga kelele barabarani. Rudini hadi usiku wa kwanza alipoanza kukosa usingizi, kuongea peke yake au kuwashuku majirani. Tarehe zikisahaulika, tumieni majira: kupanda mahindi, matokeo ya kidato cha nne, baridi ya Juni na Julai, mavuno.

Juu ya mstari wekeni matukio: msiba, mimba, kesi ya shamba, mkopo wa kausha damu, kuhamia Dar es Salaam au Tunduma kutafuta maisha. Chini wekeni usingizi, bangi, pombe na dawa. Kisha kila tukio liulizeni swali moja: lilitangulia, au lilifuata? Kijana "aliyechanganyikiwa kwa kufukuzwa kazi" mara nyingi alifukuzwa kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua.

Msongo wa muda mrefu huvuruga homoni na kuchochea dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Dopamini ikizidi, ubongo huanza kuona maana mahali isipokuwepo: mtu akikohoa jirani, mgonjwa anaona ni ishara yake.

Cha kupunguza

Usingizi kwanza. Mkesha wa maombi usiku kucha, na kufunga juu yake, humrudisha nyuma mgonjwa haraka. Msigombane na mchungaji wala mganga; ombeni mambo matatu tu: alale, ale, dawa zisikatishwe. Kamba na minyororo hapana.

Bangi iachwe kabisa, na wadogo zake wasiiguse, kwa kuwa wamechangia naye damu. Anayevuta kila siku tangu ujanani hujiongezea hatari mara kadhaa. Pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni nazo huharibu usingizi na kumsahaulisha dawa.

Kisha maneno ya nyumbani. Watafiti wa Uingereza miaka ya 1970 waliona kwamba mgonjwa anayeishi kwenye shutuma za kila siku hurudiwa mapema zaidi, hasa akikaa uso kwa uso na wanaomshutumu zaidi ya saa 35 kwa wiki, yaani saa 5 kwa siku. Basi mpeni kazi nyepesi nje ya ua, bustani au mifugo, na anayemkaripia zaidi asiwe ndiye anayemsimamia. Badala ya "wewe mvivu tu, unajifanya", semeni: "Baba, nisaidie ndoo mbili za maji, halafu upumzike." Kumlinda kupita kiasi, kumjibia kila swali, nako humchosha.

Dawa huachwa pale pale anapopata nafuu, na hapo ndipo wengi huanguka tena, wakati mwingine miezi kadhaa baadaye, hivyo familia haioni uhusiano. Akisahau vidonge, ulizieni sindano inayochomwa kila wiki 4. Akikakamaa, akitetemeka au shingo ikijipinda kwa sababu ya dawa, arudi hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa ya kurekebisha hilo, na si sababu ya kuacha matibabu.

Homa pamoja na kuchanganyikiwa, degedege, kukataa maji, au sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mtu: asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe leo, apimwe na malaria.

Yasipokuwa ya dharura, anzieni zahanati au hospitali ya wilaya, mwombe rufaa. Mbeya kuna kitengo cha afya ya akili kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mkabidhini daktari karatasi zote mbili kabla hajauliza lolote, na aliyelala nyumba moja na mgonjwa mwezi huo ndiye aingie naye chumbani.