Paka anayetema dawa

Kama paka wako hutoa povu kila akionja dawa, usiichanganye kwenye bakuli la maziwa. Atanusa, atasusa, na dozi imepotea. Chemsha usipa kidogo wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake), uponde, kisha fichia kidonge ndani ya tonge dogo. Anza na tonge tupu, fuatisha lenye dawa, na jingine tupu upesi kabla hajashtuka. Matonge yawe vuguvugu: kwa baridi hii ya Mbeya samaki aliyepoa hanukii, na paka hula kwa pua. Kidonge usikisage kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo, vingine vikisagwa huzidi uchungu. Parasetamoli ya watu usimpe kabisa, inaua paka.