Manusura anafanya nini kwenye rasimu yako?

Nahariri tasnifu kuhusu ubakaji wa vitani. Kasoro ninayokutana nayo zaidi haimo kwenye takwimu, imo kwenye vitenzi. Ninavyokagua ni hivi.

Hatua ya 1. Toa sura ya matokeo kwenye karatasi, shika kalamu mbili. Nyekundu ipigie mstari kila kitenzi ambacho manusura anatendwa: alitekwa, alibakwa, alitelekezwa, alihudumiwa. Bluu ni ya anachotenda: alitoroka, alishtaki, alikataa kujibu. Ukurasa ukitoka mwekundu mtupu, usianze kupamba. Rudi kwenye mahojiano. Huenda mama wa watu kaeleza kwa nusu saa alivyopigania mirathi ya mumewe, wewe ukanukuu mistari minne ya usiku ule.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Rwanda aliyeshtakiwa huko Arusha kwa mauaji ya kimbari ya 1994, ni kipimo kizuri. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji. Mashahidi wanawake waliutaja mbele ya majaji, hati ikarekebishwa Juni 1997, na hukumu ya Septemba 2, 1998 ikautambua ubakaji kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Tasnifu ninazopokea huandika "mahakama ilitambua", basi. Wanawake wameyeyuka.

Hatua ya 2. Kwenye wino mwekundu, uliza: na nani? "Walibakwa" humficha askari, kikosi na kamanda wake. Ushahidi ukiwataja, wape sentensi yao.

Hatua ya 3. Mwathirika, manusura au mhanga? Muulize mhusika, kisha ufuate jibu lake hata likikuharibia istilahi. Bangladesh iliwapa waliobakwa katika vita vya 1971 jina la heshima, birangona, yaani shujaa wa kike. Wengi wao wakaishia kunyooshewa vidole kwa jina hilohilo.

Hatua ya 4. Futa lebo za jumla. Mwaka 2010 Margot Wallström wa Umoja wa Mataifa aliiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani, na bado naikuta kauli hiyo kwenye aya za kwanza, imekalia nafasi ya historia. Tazama pia kama wanaume waliobakwa wametajwa popote. (Tanbihi haihesabiki.)

Hatua ya 5. Ukiona pengo, usikimbilie kumhoji mtu upya. Kanuni za Murad za 2022, mwongozo wa kimataifa wa kukusanya habari kutoka kwa manusura wa ukatili wa kingono vitani, zinakutaka kwanza uangalie kama habari hiyo haipatikani kwingine. Mara nyingi imo kwenye kurasa ulizoziruka.