Kupiga harusi kwa kamera ya dijitali: modi na mipangilio, kuanzia saluni mpaka ukumbini

Kuna imani imeenea mjini kwamba mpiga picha wa kweli anapiga kwa M tu, modi ya kuweka kila kitu kwa mkono, asubuhi mpaka usiku, na kwamba anayegusa modi nyingine bado anajifunza. Siikubali. Harusi ya Dar es Salaam huanzia saluni, ikahamia kanisani au msikitini, ikapita ufukweni kwa picha za nje, kisha ikaishia ukumbini usiku. Mwanga unabadilika njia nzima, na bi harusi hakusubiri wewe uzungushe magurudumu. Cha kujua ni wapi uiachie kamera iamue na wapi uikatalie.

Nitafuata mpangilio wa siku yenyewe. Mifano ni ya Canon, Nikon na Sony za kawaida, zenye lenzi ya 18–55mm iliyokuja na kamera au ile 50mm f/1.8 ambayo karibu kila mtu huinunua baadaye.

Hatua ya 1: Maliza menyu usiku wa kuamkia harusi

Siku ya kazi si siku ya kuingia kwenye menyu. Anza na aina ya faili: chagua RAW, yaani taarifa ghafi za kamera, pamoja na JPEG, picha ambayo kamera imeshaiandaa. JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Tofauti hiyo utaiona pale lesi ya shela ikikaribia kuungua, yaani kuwa nyeupe tupu, huku suti ya bwana harusi ikizama kwenye weusi, ndani ya fremu moja. JPEG nayo ina kazi yake, maana kamati itataka picha kwenye WhatsApp usiku uleule.

Kama mko wapiga picha wawili, linganisheni saa za kamera zenu mpaka dakika. Msipofanya hivyo, mkija kupanga picha pamoja mtakuta keki imekatwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini.

Zima mlio wa fokasi. Padri na shehe wote watakushukuru kimoyomoyo.

Nafasi ya rangi iache sRGB, ndiyo inayoeleweka na simu na studio nyingi za kuchapa. Kwenye mtindo wa picha chagua wa kawaida, halafu punguza kontrasti ngazi moja. Mtindo huu unaathiri JPEG tu. RAW inabaki ilivyo. Kulainisha ngozi, kama kamera yako inacho, zima.

Kitu kimoja kinawachanganya wengi: kamera ina kipengele cha kuinua vivuli yenyewe. Canon hukiita Auto Lighting Optimizer, Nikon Active D-Lighting, Sony DRO. Si kibaya, ila unapojifunza kuamua mwanga kinakuvuruga, kwa sababu unapunguza nacho kinaongeza. Kizime mpaka umezoea.

Mwisho, hakikisha picha za zamani zimeshanakiliwa, kisha ifute kadi kwa kamera yenyewe, si kwa kompyuta.

Hatua ya 2: Namba tatu, kwa kifupi

Apecha ni tundu la lenzi. Namba ndogo ni tundu kubwa: f/1.8 inaingiza mwanga mwingi na kuifanya nyuma iwe ya ukungu, f/8 inaingiza kidogo na kuonyesha vingi kwa ukali. Shata ni muda ambao kihisio, sehemu ya kamera inayonasa picha, kinapokea mwanga: 1/60 ya sekunde ikitumika kwa mtu anayecheza, picha imetikisika. ISO ni ukuzaji wa kile kilichoingia. Ukiipandisha sana picha inapata chenga.

Kutoka ISO 400 kwenda 800 ni mwanga mara mbili. Kutoka 1/125 kwenda 1/60 pia ni mara mbili. Kutoka f/4 kwenda f/2.8, vilevile. Kila mruko wa namna hiyo tunauita stopu moja. Ukilielewa hilo, mengine yote ni kubadilishana: ukipunguza huku, unaongeza kule.

Hatua ya 3: Weka A, au Av kama ni Canon

Hii ndiyo modi ya saluni, ya nyumbani, ya kanisani na ya ufukweni. Wewe unachagua apecha, kamera inatafuta shata. Kwa uso mmoja, f/2 hadi f/2.8. Ukiwa na 50mm f/1.8 usikimbilie f/1.8 kwa karibu: jicho moja litakuwa kali na la pili limelegea, na mama wa bi harusi ataliona. Maharusi wawili waliosimama sambamba, f/2.8 inatosha. Familia nzima katika safu tatu, nenda f/5.6 au f/8, la sivyo mashangazi wa nyuma watakuwa ukungu mtupu.

Sasa washa ISO ya kujiendesha, na ndani ya menyu yake weka mipaka: juu kabisa 3200 au 6400 kulingana na kamera yako inavyostahimili chenga, na shata isishuke chini ya 1/125. Mpaka wa pili ndio wenye faida kubwa. Bila huo, kamera ndani ya saluni yenye giza itakuteremkia 1/40 kimyakimya, na kwenye skrini ndogo hutaona kitu. Utakuja kuona kwenye kompyuta. Kamera ndogo zisizo na mpaka huo zina dawa rahisi: pandisha ISO kwa mkono mpaka usome 1/125.

Wenye lenzi ya 18–55mm, kumbukeni kwamba ukivuta karibu hadi 55 tundu linabana lenyewe, kutoka f/3.5 hadi f/5.6. Umepoteza zaidi ya stopu moja bila kugusa kitu. Ndani ya nyumba, simama kwenye 18–24 na usogee kwa miguu, ila usimkaribie mtu mpaka pua ikue.

Hatua ya 4: Kitufe cha +/−, hapa ndipo kazi ilipo

Kipima mwanga cha kamera hakijui shela, suti wala ngozi. Kinachojua ni kijivu cha wastani tu, na kila unachokielekezea kinajaribu kukifanya kijivu hicho. Jaribu nyumbani: tundika kanzu nyeupe ukutani, ijaze fremu, piga kwa A huku +/−, inayoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, ikiwa 0. Kisha tundika baibui jeusi mahali palepale, piga tena. Kanzu itatoka chafu, baibui litatoka limepauka, na ukiziweka picha hizo pamoja utashangaa zinavyofanana. Sasa rudia, kanzu kwa +1, baibui kwa −1. Kanzu imekuwa kanzu.

Ipeleke harusini. Bi harusi akijaza fremu kwa shela lake, kamera itaogopa weupe na kuibana picha. Uso wake, ambao tayari ni mweusi kuliko shela, utazama zaidi. Panda hadi +2/3 au +1. Bwana harusi na wasimamizi wake wakiwa na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera itafanya kinyume: itaongeza mwanga mpaka nyuso zing'ae majivu na paji la uso liungue pale penye jasho. Shuka −2/3. Wakisimama wote wawili, anza na 0 na uangalie.

Unaangalia nini? Si uzuri wa picha kwenye skrini, maana skrini inadanganya juani na inadanganya gizani. Washa onyo la kuungua, lile linalofanya sehemu zilizopoteza taarifa zimeremete. Likimeremeta kwenye taa au dirishani, achana nalo. Likimeremeta kwenye lesi ya kifuani, shuka theluthi moja ya stopu, piga tena. Likimeremeta kwenye shavu, shuka theluthi mbili bila kujadili.

Kuhusu ngozi nyeusi nina msimamo. Wapiga picha wengi wanaongeza mwanga mpaka mtu apauke, eti picha iwe safi. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa. Inahitaji mwanga unaotoka upande, mpana na laini, ili uonyeshe umbo la shavu na taya. Mweke bi harusi karibu na dirisha, mgeuze nusu, acha upande mmoja ubaki na kivuli. Weka kipimo kwa upande wenye mwanga. Halafu angalia nyuma yake: dirisha likiwa mgongoni kwake, hakuna +/− itakayokuokoa bila kuliunguza. Mgeuze yeye.

Aina ya upimaji iache ile inayosoma fremu nzima. Upimaji wa nukta una watu wake, lakini nukta ikihama kutoka usoni kwenda kwenye shela, picha inaruka stopu mbili.

Hatua ya 5: Rangi, yaani WB

WB ni mpangilio unaofanya nyeupe ionekane nyeupe chini ya mwanga wowote. Ya kujiendesha inafaa sehemu nyingi za siku. Inakosea mara mbili kwa kawaida. Ya kwanza ni kivulini, chini ya mwembe au kwenye baraza, ambako ngozi hupata ubluu. Chagua alama ya nyumba yenye kivuli, karibu 7000K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Ya pili ni chini ya balbu za njano, ambako picha huwa ya manjano iliyokolea. Shuka hadi karibu 3200K. Kanuni ya namba hizi kwenye kamera: ukipanda picha inapata ujoto, ukishuka inapata ubaridi. Kama una RAW unaweza kurekebisha baadaye bila hasara, ila picha mia saba zenye rangi mia saba tofauti ni usiku wa kazi.

Hatua ya 6: S, au Tv kwa Canon, na hizo nyingine

S naitumia kwa nadra: maharusi wakirushiwa maua nje ya kanisa, au ngoma ikianza juani. Weka 1/500, kamera itafute apecha. Kwenye giza S ni mtego, kwa sababu tundu likifika mwisho wake namba inaanza kupepesa na picha inatoka nyeusi.

P, ambayo kamera huchagua apecha na shata zote, ni ya kumkabidhi mjomba kamera ili na wewe uonekane kwenye picha. Modi ya kijani, ya kujiendesha kabisa, inawasha flashi bila kukuuliza na mara nyingi inakunyima RAW na +/−. Vijipicha vya mlima, ua na mtu anayekimbia, viruke.

Kwenye fokasi, mtu aliyetulia apigwe kwa fokasi inayofunga mara moja. Maharusi wakianza kutembea kuja kwako, hamia AF-C, au Servo kwa Canon, fokasi inayoendelea kumfuata mtu, pamoja na kutambua jicho kama kamera inayo.

Hatua ya 7: Ukumbini, sasa weka M

Hapa M inastahili, kwa sababu taa za ukumbi zinapepesa na A ingekuwa inarukaruka na kila rangi inayopita. Toa ISO ya kujiendesha. Anza na 1/100, f/4, ISO 1600, flashi ya kuchomeka juu ya kamera ikiwa kwenye TTL ili ijipimie yenyewe.

Kwa nini 1/100? Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za mirija na LED za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 unanasa kipande cha mzunguko, na picha zinazofuatana zinatoka moja angavu moja hafifu, au zenye mistari. Kwa 1/100 au 1/50 unanasa mizunguko kamili. Taa za jukwaani zina mapigo yao wenyewe, kwa hiyo ukiona mistari shuka hadi 1/50. Usitumie shata ya kimya ya kielektroniki ukumbini. Hiyo ndiyo makao ya mistari. Canon kadhaa, kuanzia 7D Mark II ya 2014, zina kipengele cha kukwepa kupepesa huko. Kama kamera yako inacho, kiwashe.

Usipande juu ya 1/200 ukiwa na flashi ya kawaida. Shata za kamera nyingi haziwahi kufunguka zote kwa pamoja zaidi ya hapo, na utapata ukanda mweusi upande mmoja wa picha.

Flashi usiielekeze usoni. Igeuze juu au nyuma yako, igonge dari. Lakini kwanza itazame dari: wapambaji wetu hufunika dari kwa vitambaa, na kitambaa cha zambarau kitakurudishia mwanga wa zambarau. Kukiwa hivyo, geukia ukuta mweupe au funga kisambaza mwanga juu ya flashi. LED za zambarau zenyewe zikimkaa bi harusi usoni, WB haiwezi kuzitoa. Shusha ISO hadi 800 ili flashi ishike uso na zambarau ibaki nyuma. Ukitaka ukumbi uonekane zaidi, fanya kinyume: ISO 3200, au shata 1/50.

Uso ukitoka mweupe mno, gusa kitufe chenye alama ya radi na +/−, shuka −2/3. Hicho ni cha flashi peke yake, tofauti na kile cha hatua ya 4.

Hatua ya 8: Hifadhi

Kamera yako ikiwa na C1 na C2, au U1 na U2 kwa baadhi ya Nikon, hifadhi mpangilio wa mchana kwenye ya kwanza na wa ukumbini kwenye ya pili. MC akitangaza maharusi wanaingia, unazungusha gurudumu mara moja. Jua tu kwamba kwenye kamera nyingi mabadiliko unayoyafanya ukiwa ndani ya C hufutika kamera ikizimika au ikisinzia, kwa hiyo ukiona ISO imerudi yenyewe katikati ya ndafu, haijaharibika.

Ukimaliza kazi, kabla hujaitia kamera begini, rudisha +/− zote mbili kwenye 0 na WB kwenye kujiendesha.