Miguu ikifa ganzi: jinsi ya kuvaa splinti bila kupata kidonda

Jamani naandika hii kwa ajili ya wenye wazee kama mama yangu, tuko Ujiji hapa, sukari imempiga miguu mpaka nyayo hazisikii kitu, na wa kulia unadondoka kabisa, akitembea vidole vinakwaruza mchanga.

Kabla hujatoa hela ya kifaa jua neva, yaani mshipa wa fahamu, imeharibika wapi. Vile vifaa vya umeme vinavyoshtua neva chini ya goti ili mguu unyanyuke vinamfaa zaidi aliyepata stroku, maana neva ya mguuni kwake bado nzima, ila kama yenyewe ndo imekufa umeme hausaidii. Marekani kuna kingine kinaitwa Walkasins, kina sensa chini ya unyayo na mkanda juu ya kifundo unaotetemeka kukuambia uzito umeegemea wapi, ila lazima hapo unapofunga uwe bado unasikia mtetemo.

Mama anatumia splinti ya plastiki, ile inayoshika mguu usidondoke. Vaa soksi ndefu kupita splinti, uivute isibaki na mkunjo hata mmoja. Kaa, kunja goti, sukuma kisigino mpaka kigote nyuma kabisa, funga mkanda wa kifundo kwanza ndo uje wa juu. Kisigino kikielea mguu utacheza humo ndani na hatasikia. Kiatu kiwe raba ya kufunga, ukitoa soli ya ndani splinti inaenea, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani maana kokoto moja tu ni kidonda.

Siku ya kwanza avae saa moja tu, vua, kagua. Hapa msiharakishe jamani. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwahiyo mimi napitisha nyuma ya kiganja taratibu kwenye kifundo na pembeni ya kidole kidogo, siku ya tatu nikakuta sehemu ndogo kama sarafu ina joto kuliko kwingine, nikamwacha bila splinti, nusu saa ikapita bado ya moto, tukairudisha splinti kwa mtaalamu wa viungo akaipasha moto akaipanua pale pale. Usiichonge mwenyewe nyumbani, na asikae nayo karibu na jiko la mkaa.

Fimbo aishike mkono wa kushoto, upande wa mguu usiodondoka. Gizani ndo balaa, macho yanafanya kazi ya nyayo, kwahiyo tochi yake inalala chini ya mto.