Kuandaa Hilux ya safari za porini: anza chini ya gari, mapambo baadae

Watu wengi wakishachukua Hilux kitu cha kwanza ni bampa la chuma, winchi, taa za juu na kerieri, gari ikipaki pale Njiro, Arusha, inavutia kweli, ila ikiingia ile njia ya Mto wa Mbu, Selela, Engaruka mpaka Ngaresero kule Ziwa Natron ndo mtu anajua hela ilienda sehemu siyo. Ile njia haikumalizi kwa sababu huna winchi. Inakumaliza kwa vumbi, mawe ya volkano yenye makali na vile vimawimbi vya barabara vinavyotikisa gari masaa na masaa mpaka nati zinalegea zenyewe. Naongelea Hilux ya dizeli, dabokebini, maana ndo zimejaa Arusha, ila mengi hapa yanafanya kazi hata kwenye Ranger au Navara.

Anza na fundi wa chini, siyo fundi wa bodi. Gari ipandishwe, kila kitu kishikwe kitikiswe kwa mkono na kwa mtaimbo: bushi, boljointi, tairodi, krosi za propela, beringi za magurudumu. Shokapu ikivuja oili usiziweke kiraka za maneno eti "bado zinadunda", badilisha mbili mbili. Springi za nyuma zikishalala ongeza au weka seti mpya, na ukishaweka mpya zile yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, hii karibu kila mtu anaisahau, alafu zikilegea senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, inakatika, ekseli inahama, na hapo uko Engaruka na fundi wa karibu yuko Mto wa Mbu. Piga grisi nipeli zote za propela mpaka grisi ya zamani itoke.

Injini sasa. Kama ni Vigo, ile Hilux ya toleo la kabla ya Revo, ya 3.0, yani injini ya 1KD, ulizia belti ya taimingi ilibadilishwa lini, muda wake ni kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea na gari ilitengenezwa kwa soko gani, na kama muuzaji hana ushahidi we badilisha tu maana mita za kilomita za kwetu tunazijua, zinarudishwa nyuma. Ugonjwa mwingine wa 1KD ni sili za shaba za nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Zikichoka gesi ya kwenye silinda inapenya inaingia kwenye oili, oili inakuwa masizi mazito, masizi yanaziba lile chujio la kunyonya oili kule chini kwenye sampo, yani bakuli la oili, injini inakosa oili na inakufa wakati ulikuwa unaidhania nzima kabisa. Kwahiyo ukinunua ya mkononi mwambie fundi afungue sampo aangalie chujio, ni kazi ya nusu siku na inaokoa mamilioni. Revo ya 2.8 yenyewe ina cheni, belti ya taimingi haikuhusu.

Vumbi la kuanzia Selela kwenda mlima wa volkano wa Lengai ni laini kama unga wa sembe na linaingia popote. Filta ya hewa ikague kila jioni, ikung'ute, au kama una kompresa pulizia kutokea ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, ukipuliza kutokea nje unalisukuma vumbi ndani zaidi. Beba filta moja mpya ya hewa na moja ya dizeli, na jifunze kumwaga maji ya filta ya dizeli mwenyewe maana mafuta ya madumu huko vijijini huwezi jua yamekaa na nini.

Tairi hapa usibane hela. Chukua A/T (ya barabara zote) yenye ukuta mgumu, alama ya LT ubavuni, ile M/T (ya tope) yenye meno makubwa inapendeza kwenye tope ila kwa safari zetu ambazo nusu ni lami inakula mafuta na inapiga kelele mpaka unaumwa kichwa. Kabla hujalipa soma zile namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mfano 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021. Tairi la mtumba likishazeeka linapasuka ubavu hata kama kashata (meno ya tairi) bado imejaa, na ubavu ukipasuliwa na jiwe hakuna pancha ya kuziba. Spea mbili, siyo moja. Na zote ziwe saizi moja, ukiweka tairi tofauti mbele na nyuma alafu ukaingiza 4H, yani magurudumu yote manne yavute, unaitesa difu na giaboksi. Ndo maana pia 4H ya Hilux haitumiki kwenye lami kavu.

Upepo wa tairi ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote na ndo watu wanakidharau. Kwenye lami na mzigo weka kama PSI 32 mbele na 36 nyuma. Ukiacha lami pale Mto wa Mbu shusha mpaka 26 mbele na 28 nyuma, utaona gari imetulia, kiti hakikupigi tena na mawe hayachani tairi hovyo, ila na spidi upunguze. Mchangani ukizama shusha mpaka 16 au 18. Sasa bila kompresa ya kuchomeka kwenye betri huwezi kushusha kwa amani, kwahiyo mimi kompresa naiweka mbele ya winchi, mbele ya taa, mbele ya kila kitu.

Uzito. Hilux inabeba kama tani moja, na humo wamo abiria, bampa la chuma, kerieri, friji, maji na mafuta. Watu wanaweka tenti juu, madumu mawili yananing'inia nyuma kabisa ya bodi, alafu wakiona mkia umelala wanafunga mabegi ya upepo kwenye springi. Mkia unanyanyuka kweli, ila mzigo bado uko vilevile na sasa fremu inapinda pale kati ya kebini na bodi. Vitu vizito viwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Na madumu ya dizeli ya nini? Arusha Natron kwenda na kurudi ni chini ya kilomita 600, tenki ni lita 80 hivi, jaza tena Mto wa Mbu inatosha. Nafasi hiyo weka maji.

Vya kujinasulia: beleshi, ubao mgumu wa kuwekea jeki, mkanda wa kuvutia wenye uzito wa kutosha na shakoli mbili (pete za chuma za kuungia mkanda). Mkanda usiufunge kabisa kwenye kile kibonge cha kuvutia trela, kikikatika kinaruka kama risasi na kinaua. Funga kwenye ndoano iliyobolitiwa kwenye fremu, tupia turubai au koti zito katikati ya mkanda, na watu wakae mbali. Taa za ziada zikipigwa waya ziwe na rilei na fyuzi, basi.

Korongo likiwa na maji shuka utembee kwa miguu kwanza. Kama yanakusukuma magotini subiri, mafuriko ya huku mara nyingi yanashuka ndani ya masaa machache. Snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) nyingi za mtaani ni pambo tu, viungo havijazibwa. Ukishavuka maji marefu fungua nati ya difu uangalie oili, ikiwa imegeuka nyeupe maji yameingia, imwagwe. Na kule Natron usiingize gari kwenye ule ukoko mweupe wa ufukweni hata ukionekana mkavu, chini yake ni tope tupu.

Ukirudi mjini usipaki gari na lile vumbi la magadi, linakula chuma. Osha chini yote kwa maji ya presha, fremu ndani na nje, breki, plagi za umeme, acha ikauke, alafu piga grisi upya na kaza nati za magurudumu na yubolti zote.