Kabla hujafunga sola nyumbani Mwanza: unakimbia bili au unakimbia giza?

Mara ya kwanza nilipofunga sola hapa Buswelu nilikaa nje jioni nzima nikizitazama paneli zangu nne juu ya bati, moyo umetulia. Siku ya tatu, saa saba mchana, jua linachoma hadi mbuzi wamejificha chini ya mwembe, umeme ukakatika mtaa mzima. Nyumba yangu nayo ikazima. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Nikampigia fundi.

"Mama, hiyo inveta yako ni ya gridi. Umeme wa nje ukiondoka na yenyewe inazima."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Duka walisema unataka kupunguza matumizi ya LUKU."

Alisema kweli, sikuuliza. Mimi nilikuwa nakimbia giza, nikauziwa dawa ya bili. Tangu siku hiyo, jirani akija kuniomba ushauri, namuuliza hilo kabla hatujafika kwenye idadi ya paneli: unataka sola ikuondolee nini?

Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani. Ile ya gridi, yaani inayotegemea laini ya TANESCO, haina umeme wake wa kuanzia. Inausikiliza umeme wa TANESCO, volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde, kisha inausukuma umeme wa paneli sambamba na huo. Isiposikia kitu, inajizima ndani ya muda mfupi sana. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu kuna kijana wa watu yuko juu ya nguzo anaunganisha waya ulioanguka, naye anaamini laini imekufa. Umeme ukitoka nyumbani kwako ukamfuata kule juu, umemuua. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba atakutengenezea hiyo inveta "isizime". Ukitaka mwanga wakati umeme umekatika, unahitaji betri, pamoja na inveta inayojitenga na laini ya nje kabla haijaanza kulisha nyumba. Hiyo ndiyo wanayoiita haibridi: inatumia jua kwanza, inachaji betri, inaomba TANESCO pale inapopungukiwa. Na ile inayojitegemea kabisa haina waya wowote wa kwenda kwenye nguzo. Kila usiku na kila siku ya mawingu ni juu yako.

Sasa chukua risiti zako za LUKU za miezi mitatu. Kama uko kwenye bei ya kawaida ya nyumbani, T1, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, mwezi ambao hujakatwa kodi ya jengo. Kama uko D1, kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Mtu wa D1 akinunua betri ya mamilioni ili apunguze bili atazeeka kabla hela haijarudi. Huyo kama anafunga sola, afunge kwa ajili ya giza tu, na afunge ndogo: taa, simu, rauta, televisheni. Anayelipa laki na zaidi kwa mwezi kwa sababu ya majokofu ya samaki au saluni hesabu yake ni nyingine kabisa. Mzigo wake mkubwa uko mchana, jua likiwapo, hata betri hahitaji kubwa.

Kama hujaunganishwa bado, pima na upande wa nguzo. Tangu 2022 kuunganishwa umeme wa njia moja (single phase) ni shilingi 27,000 vijijini na 320,960 mjini kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Nyumba ikiwa karibu hivyo, mimi nasema vuta umeme kwanza, sola ije kama msaidizi. Gharama ya kuunganishwa mjini haifiki hata nusu ya betri moja nzuri ya lithiamu. Kujitegemea kabisa kuna maana pale nguzo ilipo mbali: nyuma ya mlima, shambani, kambi ya wavuvi, visiwani. Na visiwani uliza kwanza kama kuna gridi ndogo ya kijiji. Bwisya kule Ukara walipata ya sola mwaka 2016.

Ukishajua aina, kaa chini na daftari. Usimwachie fundi, kwa sababu yeye hajui kwamba mwanao wa chuo akirudi likizo anawasha feni usiku kucha. Andika kila kifaa, wati zake, na saa unazokitumia, kisha zidisha upate wati-saa; wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja ya LUKU. Daftari langu lilisema hivi: balbu nane za wati 9 kwa saa tano, 360. Televisheni ya wati 60 saa tano, 300. Feni ya wati 50 saa sita, 300. Simu na rauta, 150. Friji, ambalo halikimbii muda wote, 1,000 kwa siku. Jumla wati-saa 2,110, yaani uniti mbili na kidogo. Ongeza robo hivi na zaidi kwa kinachopotea kwenye nyaya, betri na inveta, ufike 2,750. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ukihesabu saa tano za jua kali kwa siku, paneli za wati 550 zinatosha. Lakini masika na vuli ndizo zinazokupima. Hesabu kwa saa nne, na utaona unahitaji wati 700.

Pasi, hita ya maji na jiko la umeme visiingie kwenye daftari hilo kama huna hela ya kuchezea. Pasi moja ya wati 1,200 inakula zaidi kwa saa moja kuliko friji linavyokula kutwa nzima. Friji lenyewe na pampu ya maji vina tabia nyingine: mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa ubavuni. Inveta ndogo itapiga kelele na kuzima kila friji linapojiwasha. Uliza inveta inahimili kiasi gani kwa sekunde chache, halafu hakikisha inatoa wimbi safi, yaani umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini kama wa TANESCO. Zile za bei poa zenye wimbi la ngazi zinaifanya mota ipate joto na kunguruma, na haidumu.

Betri ndipo watu wanapolia. Betri ya jeli ya 200Ah (ampea-saa) volti 12 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu, unaiua. Kwa hiyo ihesabu kama 1,200. Nyumba yangu ingekuwa inajitegemea kabisa, na nikataka kuvuka siku mbili za mawingu, ningehitaji 4,220 za kutumia, ambazo ni betri nne za namna hiyo. Kwa kuwa nina TANESCO, nahitaji tu kuvuka usiku mmoja uliokatika, na betri moja ya lithiamu ya 2,500 hivi inatosha, kwa sababu lithiamu unaweza kuishusha hadi ibaki asilimia 20 bila kuiumiza. Tofauti hiyo, betri nne kwa moja, ndiyo bei ya kuwa peke yako. Na usichanganye betri mpya na ya zamani. Ile ya zamani itaivuta mpya hadi zilingane kwa ubovu.

Shemeji yangu anavua dagaa Igombe, na alinifundisha jambo ambalo duka halikuniambia. Taa za kuvulia siku hizi si karabai tena kwa wengi wao, ni balbu za LED na betri inayochajiwa ufukweni. Alinionyesha paneli yake ya kuchajia: juu utando wa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi kutoka majini, wamekauka wamegandamana na vumbi, na kinyesi cha korongo kimefunika kona moja. Akalowesha kitambaa kwa maji matupu, akafuta taratibu kabla jua halijapanda. "Kona tu, dada, lakini inavuta paneli nzima." Ni kweli. Chembe za paneli zimeungwa mfululizo, kivuli cha sehemu moja kinabana mkondo wa nyingine. Kwa hiyo tazama juu ya bati lako saa tatu asubuhi na saa kumi jioni: tawi la mwembe, tanki la maji, au lile jiwe kubwa la jirani, linakufikia? Huku kwetu tuko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi. Elekeza paneli kaskazini na uziinamishe kama nyuzi 10, ili mvua izioshe yenyewe. Boliti ziingie kwenye kenchi. Bati peke yake halishikilii kitu upepo wa ziwa ukija usiku.

Radi nayo isipuuzwe. Anga la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Dhoruba huumbwa usiku juu ya maji, na asubuhi unasikia mtaa fulani wameunguliwa vifaa. Kwa hiyo lazima pawe na waya wa ardhini na vizuia radi upande wa paneli na upande wa inveta. Hapa Mwanza kuna tabu ya kwetu wenyewe: mawe. Nilimwona fundi akigonga fimbo ya shaba nyuma ya jiko, ikaingia shubiri mbili, tang! Akasogea hatua tatu, tang! Alitaka kuikata abaki na kipande hicho. Nikamkatalia. Tuliishia kuchimba mtaro mrefu pale bondeni udongo ulipo na kulaza waya wa shaba chini, na akapima kwa kifaa chake kabla hajafukia. Fundi asiye na kifaa cha kupimia ardhi mwambie arudi nacho.

Kwenye mita, kuwa mkali zaidi. Mita nyingi za LUKU hazijatengenezwa kuupokea umeme unaorudi. Nyingine huuhesabu kana kwamba umeutumia wewe, nyingine hujifunga. Ukitaka kupeleka umeme wako nje, nenda ofisi ya TANESCO kwanza ukaandikishane nao, uwekewe mita inayostahili. Usipotaka, fundi aiwekee inveta mpangilio wa kutotoa hata wati moja nje. Kama unatumia inveta ya kawaida na betri, pawe na chenjiova, swichi ya kuchagua chanzo kimoja tu cha umeme, kati yake na laini ya nje, kamwe waya wa inveta usichomekwe kwenye soketi. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, uione kwa macho. Paneli na betri ziwe na alama ya TBS, shirika la viwango, na risiti iandike modeli na wati, isiandike "sola kamili" tu.

Baki na sehemu ya malipo hadi mwisho. Siku ya kukabidhi, fundi akiwa bado sebuleni, nenda kwenye swichi kuu uizime mchana, friji na feni vikiwa vinafanya kazi. Subiri. Kisha mwombe arudi saa mbili usiku, uzime tena, taa zote zikiwa zimewaka. Mimi mara ya pili nilifanya hivyo. Taa zilikonyeza mara moja, friji likaendelea kunguruma, na nikamhesabia fundi hela yake mezani.