Kuhamisha Kanda za Video za Nyumbani Kwenye DVD kwa Rekoda

Kanda ya VHS huharibika hata ikiwa imelala kabatini bila kuguswa, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja adui wake mkubwa ni unyevu, ambao huotesha ukungu juu ya utepe. Kwa hiyo kazi ya kuihamisha kwenye DVD haianzii kwenye rekoda, yaani mashine ya kurekodi DVD, bali kwenye kanda yenyewe. Itazame kupitia kidirisha chake mahali penye mwanga wa kutosha: utepe mzima huwa mweusi unaong'aa, ilhali ulioota ukungu huonyesha unga mweupe kwenye kingo za msokoto. Kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki kabla haijasafishwa na fundi. Mimi niliwahi kuitia kanda ya harusi ya dada yangu bila kuikagua, ukungu ukahamia kwenye hedi, yaani kisomeo cha deki kinachogusa utepe, na kanda mbili nilizozicheza baada yake, ambazo hazikuwa na dosari yoyote, zikatoa picha iliyojaa chenga.

Ikikufika hali hiyo, chomoa deki kwenye umeme, fungua mfuniko wake, kisha lowesha kidogo kitambaa laini kisichotoa nyuzi kwa spiriti safi aina ya isopropili. Kishikilie kitambaa kikiwa kimetulia kwenye ubavu wa ngoma ya hedi, yaani silinda inayozishikilia hedi, na kwa mkono mwingine uizungushe ngoma polepole kwa kuishika sehemu ya juu. Usisugue kwenda juu na chini, kwani hedi ni nyembamba na huvunjika upesi, wala usitumie pamba, kwa sababu nyuzi zake hunasa humo. Acha pakauke kabisa kabla ya kuwasha. Itunze deki hiyo vizuri, maana Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kuziunda mwaka 2016, na zilizobaki sokoni ni za mtumba.

Kanda ikiwa safi, vunja kijino cha plastiki kilichopo mgongoni mwake ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe yote mwanzo, ili utepe ulioshikana kwa miaka mingi uachane na ujisokote upya kwa mkazo ulio sawa.

Kuunganisha ni kazi nyepesi: waya wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti, na zote hutoka kwenye matundu ya kutolea ya deki kuingia kwenye matundu ya kuingizia ya rekoda. Kwa rimoti ya rekoda, chagua njia ya kuingizia uliyoitumia, ambayo mara nyingi huandikwa L1 au AV. Kanda zilizorekodiwa Tanzania, Kenya au Oman huwa za mfumo wa picha uitwao PAL, lakini zile zilizotumwa na ndugu walioko Marekani huwa za NTSC, nazo huhitaji deki inayoutambua mfumo huo. Vinginevyo picha huruka au hukosa rangi.

Sasa chagua ubora wa kurekodi. Diski ya kawaida ya GB 4.7 hubeba saa 1 kwa XP (ubora wa juu), saa 2 kwa SP (ubora wa kawaida) na saa 4 kwa LP (ubora wa chini). Kanda ya E-180 ina saa 3, na wengi huona afadhali kuijaza yote kwenye diski moja kwa LP. Mimi sishauri hivyo: pale watu wanapocheza ngoma, picha ya LP huvunjika kuwa miraba miraba, na sura ulizotaka kuzihifadhi ndizo zinazopotea. Tumia diski mbili kwa SP.

Zima maandishi ya deki yanayotokea kwenye kioo, la sivyo yatarekodiwa pamoja na picha. Rekebisha pia trakingi, yaani namna hedi inavyofuata mistari iliyorekodiwa kwenye utepe, hadi mistari ya chenga itoweke au ibaki kidogo tu chini kabisa ya picha, rekodi dakika mbili za majaribio kwenye DVD-RW, diski inayoweza kufutwa na kutumiwa tena, kisha uanze kazi yenyewe.

Kanda ya saa 3 huchukua saa 3 kuhamishwa, na muda huo usiuache upite bure. Nilipohamisha kanda za nyumbani kwetu nilimwomba shangazi akae nami. Yeye akawa anawataja waliomo kila wanapopita, hata mama mmoja aliyeonekana mgongo tu akiwa amebeba sinia la pilau, nami nikiandika jina na dakika daftarini.

Mwishoni ifunge diski (kwa Kiingereza "finalize") kwa kutumia menyu ya rekoda, kwa kuwa diski isiyofungwa kwa kawaida haichezi kwenye mashine nyingine. Ijaribu kwenye deki ya DVD tofauti, andika jina juu yake kwa kalamu ya wino wa maji badala ya kubandika karatasi, toa nakala ya pili ikae kwa ndugu mwingine, na kanda yenyewe irudishe kwenye jalada lake, isimame wima mahali pakavu.